Namba za Juu na Namba za Chini

Mji wa Goma umekaa kati ya vitu viwili vikubwa. Upande wa kaskazini umesimama mlima wa moto Nyiragongo. Upande wa kusini limelala ziwa Kivu. Mtu akisimama kando ya ziwa siku isiyo na mawingu, huona mlima wote, toka miguuni hata kileleni. Lakini ziwa halimwonyeshi kitu ila uso wake. Chini ya uso huo mna bonde kubwa lenye giza, na jicho la mtu halifiki huko.

Kupima mlima si jambo gumu kulifahamu. Anayepanda huhesabu 1, 2, 3, na kuendelea, mpaka afike juu. Lakini anayeshuka ndani ya ziwa atahesabuje? Mtoto mdogo husema, "Sifuri ndiyo mwisho. Hakuna namba chini ya sifuri." Mvuvi wa ziwa Kivu anajua kwamba sivyo. Kila usiku wavu wake uko chini ya sifuri.

1. Uso wa ziwa ni sifuri

Wavuvi wa sambaza huondoka jioni. Hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, huwasha taa, kisha hushusha wavu majini. Sambaza ni samaki wadogo. Zamani hawakuwamo katika ziwa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakiona mwanga wa taa hukusanyika chini yake, na wavu huwapandisha.

Basi, uso wa maji na uwe 0. Kila kitu kilicho juu ya uso hupewa namba chanya. Ndege aliyetua juu ya mti wa mtumbwi, meta 3 juu ya maji, yuko kwenye 3. Kila kitu kilicho chini ya uso hupewa namba hasi, nayo huandikwa na alama ya kutoa mbele yake. Wavu ulioshuka meta 20 uko kwenye -20. Husomwa, "hasi ishirini." Uso wenyewe si chanya wala si hasi. Ni 0 tu.

Chora mstari uliosimama wima, kama kamba ya mvuvi, uandike namba hivi:

3
2
1
0 (uso wa ziwa)
-1
-2
-3

Mstari huu unaweza kuendelea juu pasipo mwisho, na chini vilevile pasipo mwisho. Kanuni yake ni moja, nayo ni nyepesi: namba iliyo juu ni kubwa kuliko kila namba iliyo chini yake.

2. Kosa linalowapata wengi

Wavu wa mvuvi mmoja uko kwenye -20. Wavu wa mwenzake uko kwenye -50. Ni namba ipi iliyo kubwa?

Mwanafunzi mwenye haraka hujibu, "Hamsini inapita ishirini. Kwa hiyo -50 ni kubwa kuliko -20." Amekosa. Atazame tena mstari. -20 iko juu, -50 iko chini. Kwa hiyo -20 ndiyo kubwa. Huandikwa hivi: -20 > -50. Au hivi: -50 < -20. Mdomo wa alama hii daima huwa wazi mbele ya namba kubwa.

Kwa nini mwanafunzi alikosa? Si kwamba hajui kuhesabu. Aliulizwa swali moja, akajibu swali jingine. Maana mbele ya kila namba kuna maswali mawili. La kwanza: namba hii iko wapi? La pili: iko mbali kiasi gani na sifuri? Mvuvi wa -50 ameshusha kamba ndefu, meta 50. Mvuvi wa -20 ameshusha kamba fupi, meta 20. Kwa urefu wa kamba, 50 inapita 20. Lakini kamba ndefu zaidi ndiyo inayofika mahali pa chini zaidi. Anayeuliza namba kubwa haulizi urefu wa kamba. Anauliza ni ipi iliyo juu.

Kutokana na hayo, shika mambo matatu:

Kwanza, kila namba chanya ni kubwa kuliko 0, na kila namba hasi ni ndogo kuliko 0.

Pili, namba chanya yo yote ni kubwa kuliko namba hasi yo yote. Hata 1 ni kubwa kuliko -485, ingawa 485 ina tarakimu nyingi.

Tatu, kati ya namba hasi mbili, iliyo karibu na 0 ndiyo kubwa.

3. Deni, hewa mbaya, na baridi

Mambo haya hayamo ziwani tu. Tazama soko. Mama mmoja anauza sambaza. Akiba yake ni franka 4,000, wala hana deni. Hesabu yake ni 4,000. Mama wa pili hana franka hata moja, wala hana deni. Hesabu yake ni 0. Mama wa tatu hana kitu, tena anadaiwa franka 3,000. Yeye yuko kwenye -3,000. Mama wa nne hana kitu, naye anadaiwa franka 9,000. Yuko kwenye -9,000. Ni nani mwenye hali nzuri kuliko mwenzake, wa tatu au wa nne? Kila mtu sokoni atajibu upesi: wa tatu. Maana akipata franka 3,000 tu, amefika kwenye sifuri na moyo wake umetulia. Yule wa nne akipata hizo 3,000 bado anadaiwa 6,000. Kwa hiyo -3,000 > -9,000. Hakuna mtu anayejisifu kwamba deni lake kubwa limemfanya tajiri.

Wataalamu wa zamani walizifahamu namba hasi kwa njia hiyohiyo ya mali na deni. Katika nchi ya Uchina, watu walihesabu kwa vijiti, vyekundu kwa namba chanya na vyeusi kwa namba hasi. Katika Bara Hindi, mtaalamu Brahmagupta aliandika kanuni zake mwaka 628, akiziita namba chanya mali na namba hasi deni. Huko Ulaya wataalamu wengi walizikataa kwa karne nyingi, wakisema kitu hakiwezi kuwa kidogo kuliko kukosa kitu. Mama anayedaiwa angaliweza kuwafundisha.

Tazama pia hewa mbaya ambayo watu wa Goma huiita mazuku. Ni gesi inayotoka ardhini karibu na milima ya moto. Haina rangi, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Kwa sababu ya uzito wake hutiririka kama maji na kukaa mashimoni, hasa alfajiri wakati hakuna upepo. Ikiwa uso wa njia ni 0, shimo moja lina kina cha -1, na jingine -3, gesi hiyo hukusanyika zaidi kwenye namba ndogo, yaani -3. Mbuzi akishuka humo huweza kufa, na mtu anayemfuata hufa vilevile. Hapo mtoto anajifunza kwamba namba ndogo si namba isiyo na nguvu. -3 ni ndogo kuliko -1, lakini hatari yake ni kubwa zaidi.

Na baridi? Mbali kaskazini mwa Goma, mpakani mwa Kongo na Uganda, iko milima ya Ruwenzori. Kilele chake kirefu kina meta 5,109 juu ya bahari, nako kuna theluji na barafu, ingawa iko karibu na ikweta. Katika kipimo cha joto, maji huganda kwenye 0. Kipimo kikionyesha -2 usiku mmoja, na -6 usiku mwingine, ni usiku upi wenye baridi kali? Ule wa -6. Joto lake ni dogo zaidi, maana -6 < -2.

4. Swali la mwaka 2002

Sasa sikiliza habari ya namba hasi mbili ambazo watu wa Goma walikuwa na haja kubwa ya kuzijua.

Maji ya ziwa Kivu yamelala kwa tabaka, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Hewa ambayo samaki huvuta imo katika tabaka la juu tu. Hata wakati upepo wa kiangazi unapoyachanganya maji, hewa hiyo haishuki sana kupita -60. Chini ya hapo sambaza hawezi kuishi. Ukizidi kushuka hadi yapata -260, unakuta maji mazito yenye chumvi na gesi nyingi sana. Gesi hizo ni mbili: ile nzito iliyo katika mazuku, na nyingine iitwayo methani, ambayo huweza kuwaka moto. Sakafu ya ziwa, mahali pa chini kabisa, iko yapata -485.

Kwa nini gesi hizo hazipandi? Kwa sababu uzito wa maji ya juu unazikandamiza. Ni kama chupa ya limonadi iliyofunikwa. Kifuniko kikiwapo, gesi hutulia ndani. Kifuniko kikitolewa ghafula, hufoka. Jambo la namna hiyo lilitokea Kameruni, katika ziwa Nyos, tarehe 21 Agosti 1986. Gesi ilitoka ziwani usiku, ikateremka mabondeni, ikaua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Na ziwa Kivu ni kubwa mno kuliko ziwa Nyos.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Mawe yaliyoyeyuka, yaitwayo lava, yalitiririka yakapita katikati ya mji wa Goma, yakachoma nyumba maelfu, yakaingia ziwani huku mvuke ukipanda. Watu wengi sana walikimbilia Gisenyi ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda. Wengine walikwenda njia ya Sake. Walipoona lava ikizama majini, wenye maarifa waliogopa jambo jingine tena. Je, lava imeshuka mpaka kwenye gesi? Je, itaichokoza hata ipande?

Wataalamu walikuja na vyombo vyao. Wakaingia ziwani kwa mashua, wakashusha vipimo kwa kamba, wakapima joto na chumvi na gesi katika kila tabaka. Wakakuta kwamba lava ilishuka hadi yapata -100, na kwamba tabaka zenye gesi nyingi hazikutikiswa.

Tazama namba hizo mbili kwenye mstari. Lava ilikoma kwenye -100. Gesi nyingi inaanza kwenye -260. -100 ni kubwa kuliko -260, yaani iko juu yake. Kati ya lava na gesi yalibaki maji ya meta 160. Mtu aliyejua kulinganisha namba hasi alielewa habari hiyo mara moja, akashusha pumzi. Lakini mtu aliyedhani kwamba -260 iko juu ya -100, kwa kuwa 260 inapita 100, angalisema, "Lava imekwisha kuipita gesi!" Angalikimbia mara ya pili bila sababu.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Siku chache baadaye, watu wa mitaa mingi ya Goma waliamriwa kuondoka, maana lava ilikuwa imejipenyeza ardhini chini ya mji na chini ya ziwa. Swali la kale likarudi: moto uko wapi, na gesi iko wapi? Mara hiyo nayo gesi haikupanda. Lakini kila mtu aliona kwamba mji huu unahitaji watu wanaojua kuhesabu, kuelekea juu na kuelekea chini pia.

Gesi hiyo si hatari tu. Katika upande wa Rwanda, uko mtambo juu ya maji unaovuta maji kutoka yapata -350, kutoa methani yake, na kuitumia kwa kutengeneza umeme. Uliwekwa wazi rasmi mwaka 2016. Bomba lake limepita -100 na -260, likaendelea kushuka. Kila hatua ya bomba ni namba ndogo kuliko ile ya kwanza.

5. Namna ya kupanga namba

Kulinganisha namba mbili ni rahisi. Lakini pengine namba ni nyingi, tena zimechanganyika. Hapo usikimbie. Fuata njia hii ya hatua tatu.

Hatua ya kwanza: zitenge. Weka namba hasi upande mmoja, 0 katikati, na namba chanya upande mwingine.

Hatua ya pili: panga namba hasi. Anza na ile iliyo mbali zaidi na 0, maana hiyo ndiyo ndogo kuliko zote. Malizia na ile iliyo karibu na 0.

Hatua ya tatu: andika 0 ikiwamo, kisha panga namba chanya kama ulivyozoea, toka ndogo hadi kubwa.

Jaribu kwa nchi ya Goma yenyewe. Uso wa ziwa uwe 0. Kilele cha Nyiragongo kiko yapata 2,010 juu ya ziwa. Kilele cha Nyamulagira kiko 1,598. Kilele cha Karisimbi kiko 3,047. Mwisho wa lava ya mwaka 2002 uko -100. Mwanzo wa gesi nyingi uko -260. Mwisho wa maji ya sambaza uko -60. Sakafu ya ziwa iko -485.

Namba hasi ni hizi: -100, -260, -60, -485. Iliyo mbali kabisa na 0 ni -485, kisha -260, kisha -100, kisha -60. Inafuata 0. Namba chanya ni 1,598, kisha 2,010, kisha 3,047. Basi toka ndogo hadi kubwa ni hivi:

-485, -260, -100, -60, 0, 1,598, 2,010, 3,047

Soma mstari huo polepole. Ni safari toka giza la sakafu, kupita gesi, kupita lava iliyoganda, kupita samaki, kufika hewani, na kupanda mpaka kilele cha Karisimbi.

6. Sifuri huchaguliwa na watu

Liko jambo moja la mwisho. Mwanafunzi akifungua kitabu cha jografia atakuta kwamba Nyiragongo una meta 3,470, si 2,010. Je, ni nani aliyekosa? Hakuna. Kitabu kimeweka sifuri mahali pengine, yaani kwenye uso wa bahari. Uso wa ziwa Kivu uko yapata meta 1,460 juu ya bahari. Ongeza 2,010 kwenye 1,460, utapata 3,470.

Kwa kipimo cha bahari, sakafu ya ziwa Kivu si hasi tena. Toa 485 katika 1,460, utapata 975. Sasa tazama ziwa Tanganyika, linalopokea maji ya Kivu kwa mto Ruzizi. Uso wake uko yapata 770, na kina chake ni yapata meta 1,470. Kwa hiyo sakafu yake iko yapata -700, chini sana ya uso wa bahari. Zipange: -700, 0, 770, 975, 1,460, 3,470. Utaona ajabu: hata sakafu ya ziwa Kivu iko juu kuliko uso wa ziwa Tanganyika! Ndiyo sababu Ruzizi hauchoki kuteremka. Maji hutoka kwenye namba kubwa kwenda kwenye namba ndogo.

Basi sifuri yaweza kuhamishwa, na namba zikabadilika zote. Lakini mpango wake haubadiliki. Kilichokuwa juu kinabaki juu, kilichokuwa chini kinabaki chini. Anayeujua mpango huo hadanganywi na ukubwa wa tarakimu. Kabla ya kujibu huuliza kwanza: namba hii iko wapi?

Maswali

1. Andika alama > au < mahali pa nukta: -7 … -4, 0 … -12, -485 … 1, -60 … -100.

2. Panga toka ndogo hadi kubwa: 8, -3, 0, -15, 5, -1.

3. Wavu wa kwanza uko kwenye -35, wa pili kwenye -15. Upi uko juu? Upi una kamba ndefu?

4. Watu watatu wana hesabu hizi kwa franka: -2,000, 500, -7,000. Nani ana hali nzuri kuliko wote? Nani ana hali mbaya kuliko wote?

5. Mashimo matatu yana kina cha -2, -5 na -1. Mazuku itakusanyika zaidi katika shimo lipi? Kwa nini?

6. Mwanafunzi mmoja amesema, "Lava ya mwaka 2002 ilikoma kwenye -100, na gesi inaanza kwenye -260. Mia moja ni ndogo kuliko mia mbili na sitini, kwa hiyo lava ilikuwa chini ya gesi." Mwonyeshe kosa lake kwa kuchora mstari.

7. Ikiwa sifuri ni uso wa bahari, uso wa ziwa Kivu uko kwenye namba gani? Ikiwa sifuri ni uso wa ziwa Kivu, uso wa bahari uko kwenye namba gani?